Verlin alivyofumba macho

Odetta, leo nimefanya upuuzi kwenye uwanja wa mbio za magari hapa Indianapolis.

Unamjua Verlin, fundi wetu mzee. Si hufumba macho na kulitambua gari la binti yake kwa mlio tu? Leo Corinne kajaribu lile jipya la umeme, lisilonguruma. Mzee akafumba macho kama kawaida.

Gari likapita. Likapita tena! Bado kafumba, anasubiri.

Nami na mdomo wangu: “Mzee, umesinzia? Binti kakupita mara mbili!”

Watu wakacheka. Yeye akafumbua macho, akatazama njia tupu.

Mara mbili, Odetta.

Corinne akashuka. “Baba, umenisikia?”

“Nimekusikia, mwanangu. Kona ya tatu ulikanyaga mafuta sawasawa.”

Mafuta, Odetta!

Corinne akanikazia macho, ninyamaze. Kisha akamkumbatia: “Asante, baba.”