Upande Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Ajabu leo. Kocha kaleta mazoezi ya kimya — kukimbia ruhusa, kufungua mdomo marufuku. Nikaona mchezo wa kitoto. Mimi nahodha, kiungo, bingwa mara mbili, nishindwe na kimya? Nimenyang'anywa mpira mpaka nikaona haya. Na kila mnyang'anyi katokea kulia! Wenzangu wamecheza kama kawaida. Sasa kulikoni? Kimya kimeniondolea nini mimi peke yangu?

Jumanne, 4 Juni
Kelele zimerudi, nami nimerudi kuwa malkia. Nikatega sikio. Adui akikujia kwa nyuma, mwenzako anapiga kelele "Mtu!" Kila timu hufanya hivyo. Lakini hawa wananipigia mimi kuliko wote. Kinara ni Kiroboto, beki wetu wa kulia, mdogo kuliko wote kikosini. Tena haishii kwenye kelele, anaacha nafasi yake anakuja kusimama karibu nami. Nikamuuliza kwa nini. Akaniamkia shikamoo. Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi!

Jumatano, 5 Juni
Utafiti jikoni. Nimemwomba mama asimame nyuma yangu na mwiko, aulete mbele polepole, niseme nikiuona. Kushoto nimeuona mapema. Kulia — umepita sikio, umepita shavu, ndipo nikauona. Mama alicheka, alidhani namtania. Halafu akaacha kucheka.
Kinachonishangaza, giza halipo. Hakuna doa wala ukungu. Mahali pale hapapo tu, na sikuwahi kugundua kwamba pamepotea. Unapotezaje kitu bila kujua umekipoteza? Mama hakutaka falsafa. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, kesho hospitali.

Alhamisi, 6 Juni
Presha ya macho. Imekula mshipa wa jicho la kulia. Nimemuuliza daktari maswali mpaka kaweka kalamu chini. Unaliwaje bila kuuma? Mbona sikujua? Akasema jicho la kushoto lilikuwa linafanya kazi ya wawili, na shingo ikasaidia. Kilichokwenda hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki. Na kucheza? Nimwambie daktari wa timu kabla sijagusa mpira, amesema.
Fainali Jumapili! Naogopa. Sijui mtu anaitwaje akiacha kuwa kiungo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimembana Komeo, kipa wetu, rafiki yangu tangu utotoni. Amekiri. Tangu msimu uliopita walishaona siko sawa kulia. Yeye ndiye aliyewaambia: atakayekuwa upande ule awe jicho langu, na asiyeweza kutunza siri akacheze bao. Nilikasirika. Halafu nikalia, nikamnyang'anya taulo.
"Tungekuambia, ungeacha," alisema. "Ukiacha, mpira tutapewa na nani?"
Njiani nikaikumbuka nusu fainali. Goli tulilofungwa lilipita pale Kiroboto alipopaacha wazi. Kocha alimfokea mbele ya watu na mtoto wa watu hakujitetea hata kwa neno moja. Alikuwa amekuja kunilinda mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda kwa kocha kusema. Nimeishia kuuliza kama kesho mvua itanyesha. Kasema hajui. Nikarudi chumbani.

Jumapili, 9 Juni
Naandika hapa hapa, chumba cha kubadilishia nguo. 
Kocha kasoma kikosi. Mimi nimo. Kiroboto benchi — eti hakai kwenye nafasi yake. Kiroboto kaitikia sawa kocha, akaanza kuvua soksi. Zile soksi zimenishinda. Nikasimama. Nikasema anaiacha nafasi kwa ajili yangu, mimi kulia sioni.
Kocha hakuamini. Kaona namtetea mtoto. Akaniambia nitazame ukutani, shingo nisigeuze, akaja kusimama kulia kwangu. Vidole vingapi?
Sikuona hata mkono. Ila mbele yangu, ukutani, ameegemea Komeo. Taratibu, kifuani, akanyoosha vitatu.
Ilikuwa rahisi hivyo! Niseme vitatu, kila mtu acheke, nivae jezi, nicheze fainali yangu. Na Kiroboto abaki kuwa mkosaji. Nilimtazama Komeo. Macho yake yalikuwa yananiomba.
"Kwa huko sioni kitu, kocha," nikasema. "Ila Komeo anasema ni vitatu."
Wawili watatu wamecheka. Komeo kaficha mkono kama mwizi wa sukari. Kocha hakucheka. Kamwita daktari wa timu, wameingia chumba cha pili na kufunga. Nasikia sauti, maneno siyapati, na kwa mara ya kwanza wiki hii sitaki hata kujua. Jezi yangu bado inaning'inia. Sijaambiwa niivae wala niiache. Uwanjani wameanza kutangaza majina ya wapinzani.
Kiroboto anakuja kukaa nami. Kulia kuna nafasi, pana kabisa. Ameipita, amezunguka benchi lote, amewasukuma watu, amekaa kushoto ili nimwone.