Programu ya Maji Kupwa Imenichosha

Mpendwa Bi Moza,

Assalaam aleikum. Naomba unishauri kabla sijafanya jambo nitakalolijutia. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Shumba Viamboni, na mama yangu na wenzake wanalima mwani. Mwaka huu niliwatengenezea programu ndogo ya simu inayowaambia saa ya maji kupwa, ili wasiteremke pwani bure, na waliipenda sana, hata shangazi Asya ambaye zamani hakutaka kuisikia simu, lakini tangu hapo sina raha, kwani kila siku kuna kasoro mpya, mmoja haoni maandishi, mwengine simu yake inaganda, nikirekebisha hiki kinaharibika kile, na juzi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu niliweka siku ianze saa sita usiku na wao wanaianza magharibi, basi usiku wao wa Ijumaa kwangu ulikuwa bado Alhamisi, shangazi akasoma saa ya usiku wa pili yake, akafika pwani amechelewa, maji yameshaanza kujaa, akarudi kanga imeroa, akaniuliza mbele ya watu, "Mwatima, hiyo kompyuta yako ishawahi kutia mguu majini?" Wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Sasa nikisikia hodi moyo unanishtuka, na masomo yananipita. Nataka kuifuta programu yote. Lakini nikimsikia mama akiwaambia watu, "Ile kaifanya mwanangu," naona fahari na mkono unakataa. Nifanye nini?

Mwatima

*

Mwanangu Mwatima,

Wa aleikum salaam. Kwanza nikupe haki yako. Wewe, mtoto wa skuli, umewafanya kinamama watazame simu kabla ya kuteremka pwani. Shangazi yako hakutanii kwa kitu asichokitumia. Anakutania kwa sababu anakitegemea. Jivunie, wala usione haya.

Sasa nikuseme. Nani alikufundisha kutengeneza kitu huku watu wamekishika mkononi? Kila anayebisha hodi unamchomolea hiki na kumchomekea kile, halafu unashangaa kukiharibika kwengine! Mtazame mama yako. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, hushinda pwani. Yakiingia maji mafu, bahari haipwi vya kutosha, hukaa nyumbani akaandaa kamba na kupumzisha mgongo, na hajioni mvivu. Wewe umeipanga bahari nzima ndani ya simu, na mwenyewe huifuati!

Basi wakati wa bamvua usiiguse programu. Malalamiko yaandike tu. Maji mafu yakifika, chagua kasoro iliyo kubwa, itengeneze, kisha mpe shangazi Asya aijaribu kabla ya wengine. Mwenye ulimi mkali ndiye mkaguzi mzuri. Na mwombe mwalimu akutafutie mwenzako wa kusaidiana, kwani hata shamba la mwani halifungwi na mtu mmoja.

Kuifuta, hapana. Aliyechoka haamui, hulala kwanza. Leo akija mtu mwambie kwa adabu, "Nimekusikia shangazi, ngoja maji mafu." Atanung'unika. Mwache anung'unike, nawe kasome.