Mfereji Niliofunga kwa Kiwiko

Mpendwa mshauri, kabla sijakulilia, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Mimi ni Nzau, fundi mkubwa wa mashine za kusaga mabaki ya chakula kutoka Salama mpaka hapa Emali, na hakuna mtambo umewahi kunishinda.

Sawa, hiyo ni uongo. Mtambo ninaojua ni mmoja, uko chini ya sinki kwa hoteli ya Madam Wariara, na kwa huo mmoja najua kitufe kimoja tu, chekundu, kiko chini ya tumbo lake. Nilikijua kwa sababu siku ulipofungwa mimi ndiye nilimshikia fundi tochi. Kazi yangu haswa ni kusugua sufuria. Nina miaka sitini na tisa, shule nilitokea darasa la nne, lakini magoti yangu bado yanaingia chini ya sinki kuliko ya vijana.

Shida yangu inaitwa maji. Nilizaliwa upande wa Kabati, na mama yangu alikuwa anachimba mchanga wa mto mpaka anabaki kuonekana kichwa ndio apate ndoo moja, na hiyo ndoo tulinawa nayo, tukaosha nayo vyombo, na mwisho wake ikanyweshwa miche ya mipapai, hakuna tone lililokufa bure. Sasa hii hoteli imeleta mashine, mabaki ya wateja yanaingia kwa tundu la sinki, muthokoi yetu ya mahindi na maharagwe, wali, maganda ya viazi, yanasagwa yanakuwa uji unaoenda na bomba, na wakati wote yakisagwa lazima mfereji ukae wazi, maji safi ambayo yameletwa na lori kutoka mbali yanamwagwa nyuma ya uchafu. Mshauri, roho yangu ilikataa. Kwa hivyo kila mara Katunge, huyu msichana anayeosha sahani na kuendesha hiyo mashine, akigeuka kupanga sahani, mimi nilikuwa nafunga mfereji na kiwiko, polepole, kama mtu anayejikuna.

Mashine ikisaga kavu inapata moto, inanguruma, inazima. Watu wanaduwaa. Mimi naufungua tena mfereji na kiwiko kile kile, nangoja ipoe, najipangusa mikono, naingia chini na spana ambayo sina kazi nayo, nagonga mahali mara tatu ili wasikie, kisha nabonyeza kitufe. Inawaka. Jikoni yote inapiga makofi. Madam Wariara, mama wa kutoka Nyeri ambaye hachekeani na mtu, aliniita Fundi Nzau mbele ya madereva wa malori, na Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda juu ya hekima ambayo Mungu amenipa uzeeni. Hata mke wangu Mutindi, ambaye hajanisifu tangu tuoane, aliniongezea nyama.

Sasa sikiza penye panauma. Mashine ilizima mara nyingi mpaka Madam akataka kujua ni nani anaiharibu, na lawama ikamwangukia Katunge, kwa sababu kidole kilichoko kwa swichi ni chake. Anaambiwa anatupa mifupa. Hatupi. Nimemwona akichambua mifupa na vijiti vya sukuma wiki kwa mkono, kimoja kimoja. Jana Madam alimwambia Jumamosi ndio siku yake ya mwisho, na kazi yake nitaongezewa mimi. Katunge ana mapacha wako nasari. Alikuja akaniuliza, na hakuwa ananishuku hata kidogo, "Mzee, wewe unaijua hii mashine. Nakosea wapi?"

Nilimwambia mashine za siku hizi zina kiburi.

Nikisema ukweli, ufundi wangu umeisha, na pengine na kazi. Nikinyamaza, nyama ya Mutindi itanikaba. Nifanye nini?

Nzau, Emali

*

Mzee Nzau, nimecheka, halafu nimekasirika, na yote mawili umeyafanyia kazi.

Ile ndoo ya mama yako nakuhurumia nayo. Nani Kitui au Makueni atasoma barua yako asikumbuke ndoo ya kwao? Lakini mama yako alibania maji ili watoto wake waishi. Wewe unayabania mpaka mtoto wa mwenzako anakosa uji. Unaiua mashine asubuhi, unaifufua mchana, halafu unapeleka ushuhuda kwa Mungu, ambaye kile kiwiko alikiona.

Usingoje Jumamosi. Kesho, kabla jiko halijawashwa, nenda kwa Madam, Katunge akiwa amesimama hapo hapo, useme maneno manne: aliyefunga mfereji ni mimi. Usianzie mtoni. Na spana uache nyumbani.

Baada ya hapo ushughulikie hayo maji. Nimemuuliza Mumbua, dada aliyesimamia majiko ya hoteli miaka mingi, na anasema hiyo mashine haijawahi kuomba maji ya kunywa. Inaomba maji baridi, ya kutosha, yaanze kupita kabla ya mabaki kuingia na yaendelee kidogo hata baada ya kelele kuwa nyepesi. Maji mliyosuuzia mboga yanafaa, bora yawe hayana mafuta. Ya moto usiweke, yanayeyusha mafuta ambayo yataganda mbele kwa bomba, mtaanza kilio kingine. Mabaki yaingie kidogo kidogo. Na mkono wa mtu usiingie kwa hilo tundu kabla stima haijazimwa ukutani, hata awe nani.

Ukifukuzwa, utatoka ukiwa msafi. Usipofukuzwa, na mashine ikae mwezi mzima bila kuzima, niandikie, na mimi mwenyewe nitakuita Fundi hapa gazetini. Kwa leo wewe ni Nzau wa kiwiko.

*

Mpendwa mshauri, ni mimi, wa kiwiko.

Nilienda. Nilianzia mtoni, nisamehe, mdomo wangu haujui njia ya mkato, lakini nilifika kwa mfereji. Madam aliniuliza ni kiwiko gani. Nikamwonyesha. Akakiangalia kama mtu anayepima mbuzi, na Katunge ndiye alisema kwanza.

"Mzee, mimi nilikuwa naombea hiyo mashine."

Mshauri, heri angenitukana.

Madam alimwomba Katunge msamaha mbele ya jikoni yote, akamfanya mkubwa wa sinki, na mimi niko chini yake. Mimi hakunifukuza. Aliiona spana mfukoni mwangu, akaniita babu kwa Kikuyu chake, "Guka, leta hiyo spana," akaifungia kwa droo. Kanisani nilitoa ushuhuda wa pili, mfupi kuliko wa kwanza, na pasta alicheka mpaka akashika mimbari. Katunge alikaa siku nne bila kuniongelesha.

Siku ya tano nilipandisha pipa la buluu juu ya vyuma, nikalitoboa chini, nikalitia mfereji wake unaoangalia lile tundu. Maji ya kusuuza mboga na mchele tunayachuja kwa kitambaa, yanapanda pipa, yanashuka na mabaki. Mashine inakunywa mpaka inaimba. Maji ya lori hayaguswi hata kikombe. Katunge alifungua mfereji wa pipa, akasikiza, akanipa ndoo ingine nijaze, na kwa mdomo wa Katunge hiyo ni barua ya mapenzi. Juzi wamekuja watu wa hoteli moja ya Salama kuangalia pipa, wakalipiga picha, wakaniuliza nilisomea wapi. Nikawaambia Kabati, mtoni, na huo haukuwa uongo.

Leo ni siku ya thelathini na mbili, na kitufe chekundu kimeota vumbi. Mkubwa wangu Katunge ni shahidi, hata ameweka sahihi nyuma ya hii karatasi.

Kwa hivyo, mshauri, uliahidi. Ni neno moja tu kabla ya jina langu. Ukiweza liandike kwa herufi kubwa, maana zile ndogo Mutindi hazioni, na nyama ilipungua siku ile ile niliyotubu.