Vimulimuli wa Bondeni Mkonze

Bukoba, 12 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mafua ya Debora yameisha. Goti lako je? Na ile taa tuliyokufungia nje mwezi wa nane? Iache iwake usiku kucha, nami nipate usingizi nikijua hukai gizani peke yako.

Nina habari. Nafasi ya kufundisha huko kwetu Dodoma imepatikana, ila nithibitishe kabla ya Pasaka. Tangu Baba afariki nimetaka kurudi, unajua. Wambura mume wangu anasema useremala ataufanya popote. Anayekataa ni mjukuu wako! Huku mvua ikikatika tu, vimulimuli wanajaa migombani mpaka dirishani. Mwenzake kamwambia Dodoma ni vumbi tupu, naye kaapa hahami mpaka Bibi amhakikishie kwamba hata huko wapo. Baba yake hamkatalii kitu, sasa wamekuwa wawili dhidi yangu.

Mwandikie barua. Simu haitaki, anasema haiwezi kulala chini ya mto.

Mwanao,
Ruthu

Mkonze, 3 Novemba 2024

Debora mjukuu wangu,

Mbukwenyi! Ndivyo tunavyosalimiana Wagogo, anza kujizoeza. Mimi mzima, goti linalalamika lakini linatembea.

Vimulimuli huku wapo, ila si wa kuzagaa kama wenu. Nchi yetu kavu. Hutoka wiki chache tu mvua ikishashika, bondeni penye chemchemi. Mama yako aliwakimbiza mpaka akapoteza kandambili, akachapwa.

Ruthu, hapa usisome kwa sauti. Ni miaka sijamwona hata mmoja. Nimewaza sana, nikaona kosa ni letu. Zamani tulikuwa tukiberega shamba la juu tu, tunaparua majani, tunayakusanya, tunachoma, kisha tunapanda. Baadaye tukashuka na moto mpaka ukingoni mwa chemchemi. Mdudu atalala wapi kwenye majivu? Mwaka huu kona ile ya chemchemi sijaigusa. Jirani yangu Matonya kapita akaniuliza, "Paulina, siku hizi hata kiberiti kinakushinda?" Nikamwambia naotesha taa. Kaondoka anatikisa kichwa.

Ni mimi bibi yako, Debora, na mama yako, Ruthu.

Bukoba, 19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya japo nimechelewa. Umenichekesha na Matonya wako. Lakini mwenzangu wa baiolojia, mwalimu Yotham, anasema umepatia: mabuu wao huishi ardhini, chini ya majani yanayooza, wakila konokono. Anasema penye unyevu hawakosi, na hata nchi kavu wanaweza kujibanza mahali kama hapo kwako.

Je, wametokea? Debora ananiuliza kila jioni. Wambura ameanza kuangalia karakana kubwa zaidi hapahapa Bukoba. Naogopa, Mama. Akishailipia, ndiyo basi tena.

Ruthu

Mkonze, 9 Februari 2025

Ruthu mwanangu,

Hamjambo? Mimi mzima wa mwili. Mvua imeshika, mlenda umeota, uwele umenifika kiunoni. Kila jioni naketi mlangoni chini ya taa yako, macho bondeni. Kumbikumbi nawaona, wanagonga taa mpaka wananiangukia kwenye uji. Kimulimuli hata wa dawa hakuna.

Sitamdanganya mtoto tena. Mwambie Bibi ametafuta, hakuwapata. Nanyi msinihurumie, fanyeni linalowafaa. Lakini roho yangu ilikuwa imeshaanza kuwapangia pa kulala.

Mama

Mkonze, 2 Machi 2025

Ruthu! Debora! Habari zenu baadaye, ngoja kwanza niseme.

Jana jioni, giza linaingia, umeme ukakatika. Nikatoka nanung'unika, natafuta kuni. Kutupa macho bondeni, kwenye kona ile ya majani, nikaona kitu kinawaka, kinazima. Chini majanini mwingine akajibu. Kisha huyu, kisha yule! Nikakaa chini kwenye umande na goti langu hili, nikalia kabisa.

Umeme ukarudi, taa yako ikamwaga mwanga mpaka chemchemini, wote wakapotea. Ndipo nikaelewa. Wale huitana kwa kumulika, Debora, nami nimewawashia jua la usiku kucha, nikaketi chini yake kuwatafuta! Mwanamke mzima!

Nimeizima. Matonya nimemwita, kaja kuwaona, kisha kaniambia mwakani naye ukingo wake hatauchoma. Si wengi kama wa Bukoba, sitakuongopea. Ni wachache, na ni wetu.

Ruthu, taa uliifunga ili nisiogope. Kweli, gizani naogopa kidogo. Mkija sitaogopa.

Bibi na Mama,
Paulina

Bukoba, 6 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo na mbukwenyi. Goti halijambo? Ninaandika mwenyewe, mama ananisaidia herufi kubwa tu.

Baba hakuchukua karakana. Mama amethibitisha. Tunakuja mwezi wa sita shule zikifungwa. Mama anasema tukifika vimulimuli hawataonekana, ni kiangazi, watakuwa ardhini mpaka mvua. Nimesema sawa. Nitawasubiri nikiwa kwako.

Usichome majani. Taa usiwashe. Ukiogopa, ita kwa sauti, Matonya atakujibu, mpaka tufike.

Mjukuu wako,
Debora