Kava ya Mia Moja Hamsini

Jumatano, Kitale. Mvua ilianza saa nane na sasa ni jioni, bado inanyesha, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi. Moyo wangu ni mzito.

Nyinyi mnaonisoma hapa mmezoea nikija na vituko. Leo sina kituko. Nina maungamo.

Mnaijua pikipiki yangu. Niliwaandikia jinsi ilivyovuka Nzoia siku maji yamefunika daraja, mimi nimeinua miguu tu, samaki wananipisha. Niliwaandikia jinsi ilivyopanda Elgon na magunia matatu ya viazi na kondoo mmoja juu yake, ndovu wakasimama kando ya njia kama watu wanaopisha bibi harusi. Na kila mara mwishoni niliweka yale maneno yangu: hii ni injini ya mia moja hamsini, si hivyo vipikipiki vyenu vya mia na ishirini na tano.

Sasa nisomeni vizuri. Hiyo pikipiki ni mia na ishirini na tano.

Nimeandika. Haijaniua.

Ilianza hivi. Jumapili moja, miaka mingi sasa, wanaume wa rika langu walisimamisha pikipiki zao nje ya kanisa kwa mstari. Zote zimeandikwa 150 ubavuni. Yangu ilisimama hapo kama ndama katikati ya mafahali. Jumatatu nikaenda Kipsongo, kwa wale wanaouza spea za zamani juu ya magunia, nikanunua kava mbili za plastiki za ubavuni, zimeandikwa 150, zilizotoka kwa pikipiki iliyogongwa. Nikafunga moja kila upande. Jumapili iliyofuata niliegesha karibu kabisa na mlango wa kanisa. Hakuna aliyeuliza. Na kwa sababu hakuna aliyeuliza, niliendelea kusema, nikasema mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Kile kitabu cha pikipiki chenye ukweli nilikitia ndani ya mkebe wa majani chai, juu ya kabati.

Mimi shule niliachia darasa la sita. Huwa nasema ni mwalimu aliyeishiwa maswali. Hata hilo tuliache kwa leo.

Nina dada yangu mkubwa, Nekesa. Ni mjane, anakaa peke yake Matulo, ndani kule mbali na lami. Ndiye alinibeba mgongoni mama akiwa shambani. Macho yake yamefifia. Anasema ni kama anaangalia dunia kupitia chandarua. Siku yake ya kupasuliwa jicho kule Bungoma ni kesho asubuhi. Ameingoja tangu tukipanda mahindi, na sasa mahindi yamekauka shambani. Asipofika, jina lake linarudi mwisho wa foleni, na daktari alishamwambia jicho la kushoto halina nguvu ya kungoja foleni nyingine.

Na dada yangu hapandi pikipiki ya mtu mwingine. Aliwahi kuangushwa na mtu wa boda mwenye haraka, akaapa. Majirani wakimcheka anawajibu, "Ya ndugu yangu ni mia moja hamsini. Ni nzito. Haiingii mtaroni."

Ndiyo hiyo ilinizimikia wiki jana pale Kiminini. Nilikuwa najisifu kwamba injini yangu haijui spana. Hata oili nilikuwa naongeza tu, sibadilishi. Pistoni ikashika, na silinda ikakwaruzika ndani kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Niliisukuma mpaka kwa Makokha. Huyu ni fundi, kibanda chake kiko karibu na Kipsongo, lakini kabla ya ufundi yeye ni omukoki wangu. Tulitahiriwa pamoja, tukapakwa matope ya mto mmoja asubuhi moja. Kwetu omukoki anaweza kukutusi mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Alifungua injini, akatoa pistoni iliyoungua, akanipa mkononi.

"Zunguka na hii," akaniambia. "Usiseme namba. Onyesha tu."

"Unanifundisha pikipiki yangu?"

"Omukoki, onyesha tu."

Niliitia ndani ya mfuko wa koti. Siku tatu nimezunguka nayo, sikuitoa hata mara moja. Kila duka nikiingia kuna watu, na watu wakiwepo mdomo wangu unaenda peke yake: mia moja hamsini. Duka kubwa la mjini walinitajia bei nikadhani wananiuzia na magurudumu. Duka la pili walikuwa na ya bei nafuu, nikaigonga na funguo, ikalia kama bati. Kipsongo juu ya magunia walinionyesha ringi za pistoni zilizosuguliwa kwa dizeli mpaka zinang'aa, muuzaji anaapa, "Orijino hii, bana!", kumbe zimechoka kuliko mimi.

Nikiwa bado nimesimama hapo kwenye magunia, Nekesa akapiga simu. Nikamwambia spea za Kitale zimenishinda.

"Bungoma kuna duka moja bei yake ni ya binadamu," akasema. "Namba ni gani?"

Watu walikuwa wamegeuka kunitazama. Ningeweza kusogea kando. Ningeweza kunong'ona. Pistoni yenyewe ilikuwa inanigonga mbavuni. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mia moja hamsini!"

Pistoni mpya kutoka Bungoma ilifika leo asubuhi na lori la vitunguu. Nekesa alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa chake cheupe cha kanisani, na kwenye pembe moja akafunga karanga za kukaanga, kama vile alikuwa akinifungia nikienda shule. Nilikula karanga njiani nikienda kwa Makokha. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa natunga hata kituko cha kuwaandikia.

Makokha aliiweka kwenye mdomo wa silinda. Haikuingia. Ilikaa juu kama kifuniko kilichoazimwa kwa jirani.

Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Makokha akawaambia, "Nendeni mkakunywe chai, yenu bado." Akangoja wafike mbali.

"Ile sampuli ulionyesha nani?"

"Nilisema kwa mdomo."

"Mdomo wako ni mia moja hamsini, omukoki. Injini ni mia na ishirini na tano." Alikuwa anapangusa mikono, haniangalii. "Mimi nilijua tangu siku ile ulifunga hizo kava. Si ni mimi nilizitoa kwa ile ya ajali, nikamwuzia yule aliyekuuzia wewe."

"Na hukusema?"

"Kwani ilikuwa inaharibu nini?"

Akaangalia kile kitambaa cheupe pale mezani, kimeshaguswa na grisi.

Nilitoka nje, nikampigia dada yangu.

"Dada, ile pistoni haiingii."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matano tayari. Mnanijua. Duka limekosea, lori limeiumiza, fundi ni mjinga. Yote yalikuja mpaka hapa kooni. Nikasema, "Kwa sababu pikipiki si mia moja hamsini. Haijawahi kuwa."

Nilisikia kuku wake.

"Najua," akasema.

"Unajua kutoka wapi?"

"Si uliniachia kitabu chake nikushikie, ile siku tunamzika shemeji yako? Macho yangu yalikuwa mazima wakati huo. Nilisoma."

"Sasa mbona umenunua hii?"

"Yule wa duka aliniuliza mara mbili. Mama, una uhakika? Na watu walikuwa wengi. Ningetaja namba ingine, si ni kama kuwaambia watu wa Bungoma ati ndugu yangu ni mwongo?" Akavuta pumzi. "Nikafikiri, labda amebadilisha injini. Njia yote nikirudi nilikuwa naomba iwe umebadilisha."

Nilisogea mpaka kando ya barabara.

"Mguu ndio ulinisumbua tu," akaendelea, kama mtu anayetaja mbuzi amepotea akarudi. "Sikuona mtaro. Nilikuwa nimeshika hiyo kitu yako kifuani isianguke, sikuweza kujishika. Umevimba, lakini si sana."

Basi hiyo ndiyo hesabu yangu. Dada yangu haoni vizuri, alitembea mpaka lami akishika nyua za watu, akapanda matatu mpaka Bungoma kununua kitu alichoshuku si cha pikipiki yangu, ili mimi nisiitwe mwongo mbele ya watu wasionijua. Akaanguka mtaroni akikilinda. Na sasa hata akitaka kutembea mpaka lami kesho, mguu hauwezi.

Mimi, yule ndovu wanampisha, nililia nimesimama kando ya barabara.

"Usirie," akaniambia. Dada yangu L humponyoka akibembeleza mtu. "Tengeneza tu hiyo iko. Ishirini na tano, hamsini, mimi nitapanda. Ukuje porepore."

Nilirudi Kipsongo kwenye yale magunia. Safari hii nilitoa pistoni mfukoni nikaiweka chini mbele ya kila mtu, na nikasema namba kwa sauti ileile niliyodanganya nayo. Mia na ishirini na tano. Watu waligeuka. Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliniuliza kama nina kiberiti.

Muuzaji aliinama, akatoa silinda na pistoni yake ndani, za zamani lakini nzima, laini ukipitisha kidole. "Bana, mbona hukusema hivyo siku zile? Hii iko hapa tangu mwezi uliopita. Si uliiruka na mguu ukienda kuangalia ringi?"

Ni kweli. Niliiruka. Nakumbuka hata niliogopa isinichafue kiatu.

Tulibadilishana, yangu mpya kwa yake ya zamani, akaniongezea na ringi ambazo hazijafunguliwa kwenye karatasi. Wenye mia moja hamsini ni wengi, atapata mtu. Makokha alifunga yote bila kupumzika, na mvua ilipoanza alikuwa anakaza nati ya mwisho. Pikipiki iliwaka teke la tatu. Sauti yake ni ndogo. Nadhani ilikuwa ndogo siku zote.

"Usipite arobaini," Makokha akaniambia. "Ringi ni mpya, zizoee kwanza. Ukikimbiza, utaniletea maiti."

Akaniokotea zile kava mbili. Nikamwambia aziache. Kava za pikipiki yenyewe nilitupa zamani, kwa hivyo sasa ubavu uko wazi, waya zinaonekana kama matumbo ya kuku. Nilipanda hivyo mpaka nyumbani, katikati ya mji, nikipita watu ninaowajua.

Nimefua kile kitambaa mara mbili kwa sabuni ya kipande. Grisi imetoka yote isipokuwa pembe ile ya karanga. Kimetundikwa hapa juu ya moto, bado hakijakauka, na mimi nakiangalia kama mtu anayechunga maziwa. Kesho atakihitaji kichwani.

Kwa mwendo wa arobaini, ili niwe mlangoni kwake kukipambazuka, lazima nitoke hapa saa kumi alfajiri. Kesho mkiona mtu mzima kwenye barabara ya Webuye, pikipiki haina ubavu, anapitwa hata na baiskeli za maziwa, msinipungie na msinipigie honi. Nimetumwa.

Naenda porepore.