Bunduki ya Arvi

Kuikkaniemi, Mei 1962

Kwa kaka yangu Oiva,

Pokea salamu za nyumbani, na natumaini zitakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku hatujambo. Barafu ya ziwani imeyeyuka, na Mama keshaanza kugombana na majirani juu ya nani ategeshe nyavu wapi, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kahawa uliyotuma imefika salama. Kila mgeni akiingia, Mama humwambia kwamba mwanawe aliyeko Sweden hajamsahau, kisha hunitazama mimi. Anasema niliolewa na mtu asiye na faida hata ya farasi kipofu, maana farasi kipofu bado anavuta jembe. Arvi huwa amekaa palepale, karibu na jiko, akinywa kahawa hiyohiyo. Vijana wa kijijini nao wamempa jina la Mlenga Shabaha. Akipita na fimbo yake, humwuliza kama leo amepiga ngapi.

Umeuliza kama unaweza kurudi kwa sikukuu ya Juhannus, katikati ya kiangazi, na kama kile kiwanja cha ufukweni bado ni chako ujenge nyumba. Nitakujibu. Lakini kwanza nikupe habari za mume wangu, kwa kuwa katika barua zako zote tangu uondoke hujawahi hata mara moja kuuliza hali yake.

Unakumbuka alivyorudi kutoka vitani. Wenzake walizungumzia njaa na chawa, yeye alizungumzia bunduki. Wetu walikuwa na zile za kuvuta bolti kwa mkono kila risasi, na walipookota kwa maiti za Warusi bunduki zinazojijaza zenyewe, walifurahi kama watoto. Kisha baridi ikazidi, mafuta yakaganda ndani yake, na Arvi akamwona rafiki yake akivuta kifyatulio bila kitu kutoka, huku mwenye singe akimjia polepole kwenye theluji. Tangu hapo alitaka kutengeneza ya Kifini, inayojijaza kwa nguvu ya moshi wa baruti, yenye vipande vichache, isiyohitaji mafuta kabisa, iliyolegea kiasi cha kustahimili baridi na iliyokaza kiasi cha kulenga. Kwenye kiwanda cha silaha walimpa meza, na wakakupa wewe, fundi wa tupa mzuri kuliko wote, umsaidie. Nilijivuna sana. Mume wangu alichora, kaka yangu alichonga.

Mhandisi Lindroos, mkuu wa chumba cha uchoraji, alikuwa na bunduki yake mwenyewe aliyotaka jeshi liinunue. Ya Arvi aliiita mashine ya kusagia nyama. Aliwaambia watu mezani, Arvi akisikia, kwamba mkulima wa viazi akipewa penseli huchora viazi.

Siku ya majaribio nilikuwapo, nikigawa supu kwa maofisa. Ya Lindroos ilikwama mara mbili. Ikaja zamu ya Arvi, na askari aliyepangiwa kupiga akanyoosha mkono kuichukua. Lindroos akamzuia. Nakumbuka maneno yake kama ameyasema leo.

“Mwacheni mvumbuzi apige mwenyewe. Kama yeye anaiogopa, nyinyi mtaipendea nini?”

Maofisa wakacheka. Arvi naye alicheka, akalala kifudifudi kwenye theluji. Risasi za mwanzo zilitoka vizuri mpaka ofisa mmoja akaweka bakuli lake chini ili atazame. Kisha ukaja mlio ambao haukuwa wa bunduki. Risasi ililipuka kabla bolti haijajifunga, na moto na vipande vya shaba vikamrudia usoni. Wewe ndiye uliyemfikia kwanza. Ulimpakata kichwa ukalia kwa sauti, na mimi nikawasimulia watu kwa miaka jinsi kaka yangu alivyomlilia shemeji yake.

Jicho la kulia lilitoka palepale. La kushoto lilikufa hospitalini taratibu. Lindroos alikuja kumtazama akiwa na gunia, akaliweka kitandani, akasema ni kumbukumbu kwa mvumbuzi wetu. Ndani yake mlikuwa na ile bunduki. Wewe ulikuwa umeshapanda meli.

Lindroos naye hakupata alichotaka. Jeshi halikuchukua yake wala ya Arvi. Wamefuata mtindo wa Warusi na kuurekebisha. Arvi alipopata habari hizo aliomba nimletee gunia.

Majira ya baridi yote amekaa nayo magotini. Anaifungua, anapapasa kila kipande, mimi namtajia rangi ya chuma na mahali palipopasuka. Alipofika kwenye kile kipande kidogo kama ukucha, kinachozuia nyundo isipige kabla bolti haijajifunga, alikipapasa tena na tena. Aliniwekea kidole changu juu yake. Akaniambia hakikuvunjika wala hakikulika. Kimepigwa tupa, na mipigo yake imelala upande usio wa kawaida, kama ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Hakutaja jina. Pale kiwandani wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

Sikutaka kuamini vidole vya kipofu, Oiva. Nilikwenda nikamsubiri Lindroos nje ya kanisa, nikamwuliza mbele ya mke wake. Sasa kastaafu, haogopi mtu. Hakubadilika hata uso.

“Nilimwambia aifanye ikwame, basi,” alisema. “Kaka yako tupa anaijua, akili ndiyo hana. Alikata pasipo pake.”

Akaendelea kunieleza, kama mtu anayekumbuka mzaha, kwamba alikuahidi usimamizi wa karakana, na ulipokwenda kuudai huku mume wangu bado anatolewa shaba usoni, alikuonyesha mlango. Mke wake alikuwa akivaa glavu. Alisema baridi imezidi, waende nyumbani.

Kwa hiyo najua. Na Arvi amejua kabla yangu. Mama hajui, na bado anakunywa kahawa yako.

Nilipomsomea Arvi barua yako, nilitegemea atasema usikanyage hapa. Alisema uje. Bunduki keshaitengeneza. Mtutu ni uleule, kitako kipya nimekichonga mimi kwa mti wa betula. Kile kipande amekitengeneza kingine kwa kupapasa, na alipokimaliza alivishika vyote viwili, cha zamani na kipya, akaniambia nigeuke nitazame dirishani. Alipofunga bunduki, kimoja kilikuwa ndani na kingine alikwenda na fimbo yake akakitupa ziwani. Nimemwuliza ni kipi. Anasema fundi atajua.

Siku ya Juhannus, kabla ya kuwasha moto ufukweni, anataka wewe ndiye uwe wa kwanza kuipiga. Amekwisha kuwaalika watu wa kijiji, hata wale vijana, na Mama ameshasema kwa kila mtu kwamba mwanawe ndiye atakayeonyesha bunduki inavyopigwa. Magazini itakuwa imejaa risasi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Njoo. Kiwanja ni chako, hakuna aliyekigusa. Ukifika utapewa bunduki mkononi mbele ya watu wote. Unaweza kuilaza shavuni na kuvuta. Au unaweza kuifungua kwanza utazame, lakini basi mkono wako utakwenda moja kwa moja kwenye kipande kimoja tu kati ya vyote, na Mama atauliza umejuaje pa kutazama.

Mama anakusalimu sana na anasema usisahau sweta. Arvi naye anakusalimu. Amenishika mkono ninapoandika mstari huu ili ahakikishe nimeuandika. Mungu akusafirishe salama mpaka hapa.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Saimi Kuisma