Tawi la Tatu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama mkwe kaja baada ya ibada. Kakaa jikoni, hakutaka hata chai. Nikajua kuna jambo. Ukoo umekaa – miaka mitatu tangu mume wangu Saulo apotee imetosha, azikwe. Mwili hakuna, basi zitazikwa nguo zake, Jumamosi tarehe 6 Septemba, nyuma ya nyumba karibu na mparachichi wake. "Mkamwana, na wewe upumzike," akasema.

Nimekubali. Tena nilifurahi, naandika humu maana hakuna anayesoma. Sasa hivi si mke wala si mjane. Hata kanisani sijui nikae na kina mama gani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechuma ndoo tatu. Parachichi za Hass za mti huu ukizilaza kwenye pumba siku sita zinakuwa nyeusi, ndani njano kama siagi. Unapaka kwenye kiazi cha moto, chumvi kidogo, basi. Mwanaume alinichosha kwa mengi, lakini mkono wake kwenye mti ulijua kazi.

Alibebesha matawi matatu, akayachomeka vikonyo, vijiti vya Hass, juu ya mti wa kienyeji. Mawili yakashika, la tatu kikonyo kikakauka. Akaenda Mbalizi kutafuta kingine. Siku nne, alisema. Shati la kijani la mistari, begi mgongoni. Ndiyo mpaka leo. Tawi la tatu likachipua lenyewe, linazaa yale ya kienyeji ya maji maji. Nawapa nguruwe.

Jumatatu, 11 Agosti

Tawi la tatu limebebeshwa.

Nimeandika, nimeisoma tena. Si mimi. Limekatwa, kikonyo kimechomekwa, kimefungwa kitambaa, ncha imezibwa nta ya mshumaa. Mafundi wote wa Kilolo wanafunga nailoni. Nta alitumia mmoja tu, na mishumaa ilikuwa yangu, tuligombana kila mwezi. Nimemuuliza shemeji Sedekia. Kasema yeye hata mche wa kabichi unamfia.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo ndiyo nimesogea karibu. Kitambaa ni cha kijani, cha mistari. Pembeni kuna mshono wa uzi mwekundu. Uzi ule niliutia mimi, siku moja kabla ya safari, wa kijani uliisha na dukani hawakuwa nao. Alicheka, akasema atajulikana kwa mshono wa mkewe.

Nimeingia ndani nikakaa. Maharage yameungua.

Jumapili, 24 Agosti

Kikonyo kimeshika. Macho yake ya kuchipulia yamevimba, yana rangi ya kijani. Na kikonyo kikikatwa hakidumu, wiki moja ni nyingi. Kwa hiyo aliyekileta alikikata siku chache tu kabla, mahali fulani, akakibeba kikiwa kibichi mpaka hapa.

Nimempigia Sabina, mwanangu, yuko chuo Mbeya. Kasema labda mtu aliokota shati la baba. Labda. Na nta je, mwanangu? Akaniuliza kama nalala vizuri.

Kama yu hai, kwa nini hagongi mlango? Toka mtini mpaka mlangoni ni hatua kumi. Anakuja kuuona mti! Miaka mitatu yote haikuniuma kama hili. Nimelia, halafu nikashikwa na hasira, na hasira haijaisha.

Alhamisi, 4 Septemba

Shimo tayari. Majani mawili yametoka kwenye kikonyo. Nimepita kama sijaona.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi, watu hawajafika, nimekikata. Kisu cha jikoni, mara moja. Kikonyo, kitambaa, vyote nimetia kwenye boksi la nguo zake za kuzikwa, chini ya suti ya harusi. Sikumwambia mtu. Nataka kuzika mume kama wanawake wengine, nimalizane naye.

Saa moja Sedekia kaweka kiti chini ya tawi lile, analinda vyombo. Watu wakaja, wakajaa uani, viti vyote vimeelekea mtini. Saa nne mama mkwe kanituma nichume parachichi moja la kuweka juu ya kaburi. Nimeenda mbele ya watu wote, wanaimba. Nimeinua macho pale nilipokata.

Pamezibwa nta. Nimeigusa kwa kidole.

Nimemuuliza Sedekia nani amesogea hapa. Kasema hakuna mtu, shemeji, hajainuka tangu saa moja, hata chai wamemletea hapo hapo. Mama mkwe akaniangalia. Nimesema nafuata kitambaa cha kichwa.

Nimejifungia chumbani, naandika. Boksi liko juu ya kitanda. Nimelifungua: suti ipo, chini yake hakuna kitu. Mchungaji anataka mke wa marehemu alilete boksi mwenyewe. Wameshaniita mara mbili. Sasa Sedekia anagonga.

Nta imenata kidoleni. Bado ina joto